Vidonge Saba vya Kumsahau Paluku

"Dola makumi munane! Docta, mu hii karatasi muko bidonge saba tu. Nimehesabu. Saba!"

"Ndeko, ndugu yangu, hapana piga kelele. Kuko bagonjwa."

"Juma ilipita ulisema makumi ine."

"Juma ilipita ulisema utakuja na bibi. Leo uko peke yako. Mutu akikuja mwenyewe, makumi ine. Mwingine akikuja kwa jina yake, ni mara mbili."

"Njo sheria ya wapi iyo?"

"Ya hii kabati."

Kabati lenyewe lilikuwa la mbao za sanduku la sabuni, na kufuli lake ningelivunja kwa kijiko. Docta mwenyewe ni Aristote Kalala, infirmier, muuguzi tu, mtu wa Kasai. Alifika Butembo na jeshi. Jeshi likaondoka, mshahara ukakatika, yeye akabaki na koti jeupe na chumba kimoja nyuma ya soko. Ndani ya kabati kulikuwa na kopo la bati lisilo na maandishi. Alisema vidonge vile walipewa askari, basoda, waliorudi kutoka mapiganoni wakashindwa kulala. Unameza asubuhi saba. Kila asubuhi unaitaja siku unayotaka ikutoke kichwani, nayo inatoka. Siku zako nyingine zinabaki.

"Bibi yako anajua?" aliniuliza, yaani mke wangu.

"Anajua."

"Alikubali na kinywa yake?"

"Nimesema anajua! Weye ni polisi?"

Kisha akasema polepole, "Basoda balikuwa banakuja benyewe. Banasema, docta, toa ile siku mu kichwa yangu. Mutu akitupa kitu yake, ni yake, ametupa. Mais akitupiwa na mwingine..."

Hakuimaliza ile *mais*, "lakini" yake ya Kifaransa. Alichukua dola zangu, akazitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akanipa karatasi.

Nilimdanganya. Na mimi Butembo nzima nina jina la mtu asiyedanganya.

Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata jirani, au shemeji wa rafiki yao. Sipendi kuzunguka. Yalinipata mimi, Kambale Malachie, ndani ya parsele yangu, kiwanja changu mwenyewe, mchana, mvua ikinyesha.

Kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina, anahesabiwa. Mwana wa kiume wa kwanza ni Paluku. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka, na kuendelea. Ukinisalimia tu barabarani, umeshasema kwamba kuna mwingine mbele yangu. Nimeishi na jambo hilo tangu nilipoanza kuitikia jina langu.

Paluku alikuwa na shamba la mapapai kule Mbau. Mimi nilikuwa mpimaji huku Butembo. Wakulima wanachanja papai bichi kwa wembe, maziwa yake yanadondoka juu ya kitambaa, yanakaushwa, na unga wake, papaine, unaletwa kwetu kwa kilo. Nilijifunza mizani mwenyewe, na kusoma pia nilijifunza mwenyewe, kwenye magunia na kwenye katekisimu. Mizani yangu haikuwahi kumwibia mtu hata gramu moja. Wakulima walipita wapimaji watatu ili wafike kwangu.

Mwezi wa pili wa mwaka 2000, asubuhi, watu wa silaha waliingia shambani. Wakati ule vita vilikuwa na majina mengi na sitayapanga hapa. Paluku alikuwa anachanja. Mke wake, Nadège, alikuwa ameshika kitambaa chini ya mti. Walimpiga Paluku risasi mgongoni. Alisimama kidogo, akageuka kumtazama mkewe, ndipo akaanguka. Walimzika palepale, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Nadège alitembea siku tatu mpaka Kalunguta, na alipofika mlangoni kwa mama yetu bado alikuwa ameshika kile kitambaa.

Mwaka uliofuata ukoo ulikaa. Waliniuliza kama nitamchukua mjane wa ndugu yangu. Wakamuuliza naye. Alikubali. Sikumlazimisha, na anayesema nilimlazimisha aje aniambie usoni.

Alikuwa mke mwema. Hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mbaya ningejua nimkasirikie nani. Alinipikia, akanifulia, akanisikiliza nikipiga kelele kwa uvumilivu ule ambao mtu anampa mgeni, akijua siku moja ataondoka. Mvua ilipoanza kupiga manjanja, mabati ya paa, kwa mlio kama wa risasi, alitoka nje akasimama ukutani, macho yamefunguka, anatetemeka, na jina lililomtoka kinywani halikuwa langu. Siku moja nilifunga mlango kwa nguvu. Akasema tu, bila ubaya, "Paluku alikuwa anafunga polepole."

Nilimwambia Kalala ninataka kumponya mke wangu. Majirani nao niliwaambia vile. Nilikuwa karibu kuyaamini mwenyewe. Lakini usiku nikilala nilikuwa sihesabu machozi yake. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi amelitaja lile jina.

Kwa hiyo Jumatatu niliamka kabla yake, nikawasha makaa, nikapika uji wa mtama. Nikasaga kidonge kwa kisu. Kalala alikuwa ameniambia: kama mwenyewe hatasema, wewe sema juu ya kikombe, kwa sauti ya chini. Taja ile siku. Siku ile tu ya shambani, basi.

Niliinama juu ya mvuke. Midomo yangu iligusa uji.

Docta alisema nitaje siku. Mimi nilimtaja mtu.

Nadège alikunywa yote. "Kambale, uko na homa?" akanitania. "Tangu lini mwanaume ya Butembo anapika uji?"

"Kunywa tu."

"Iko tamu. Kesho tena, basi."

Siku ya pili mvua ilinyesha naye hakutoka nje. Siku ya nne aliiokota picha ya harusi yake, ya kwanza, iliyokuwa ndani ya Biblia, akaigeuza huku na huku. "Huyu bibi-harusi anafanana na mi," akasema. "Na huyu bwana ni nani?" Nilimnyang'anya, nikasema ni watu wa zamani, nikaichoma kwenye makaa. Nilichoma shati la Paluku pia, na kile kitambaa. Siku ya saba aliimba akiosha sahani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba. Sikujua ana sauti nzito.

Niliwaambia majirani kwamba docta amelikataza jina lile. Walinyamaza. Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na jina lisilotajwa.

Mama yetu, Mama Kahongya, alikuja kutoka Kalunguta na kikapu cha maharagi. Nadège alimkumbatia, akacheka naye, akamketisha, akamuuliza, "Mama, bado unalima peke yako? Hauna mutoto mwingine ya kukusaidia, Kambale tu?" Mama aliweka kijiko chini. Hakula tena. Nilipomsindikiza mpaka kwenye lango alinishika sikio, mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, akaninong'oneza:

"Mutoto yangu alikuwa na fasi mbili ya kulala. Moja ni Mbau, na kule balishalima juu yake. Ingine ilikuwa mu kichwa ya huyu mwanamuke. Weye umeifunga. Sasa atalala wapi, Kambale? Niambie, atalala wapi?"

Nilimwambia aende, mvua inakuja. Alienda. Hakurudi tena nyumbani kwangu.

Nilikuwa na miezi miwili ya raha. Nasema raha na sioni haya. Nilirudi kutoka kazini, mke wangu akainua kichwa akaniona mimi. Mimi tu. Hakuna mtu aliyesimama nyuma yangu.

Nilikuwa nimechoma kila kitu cha Paluku. Kitu kimoja kilibaki na sikukiona, kwa sababu nilikuwa nakivaa.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Nilikuwa nanyoa ndevu mbele ya kioo kidogo cha dirishani. Nadège alikuwa anachagua sombe, majani ya muhogo, kwenye sinia. Akasema, bila kuinua macho:

"Weye ni Kambale."

"Eh."

"Kambale ni wa pili."

Wembe ulisimama.

"Paluku yenu iko wapi?"

Kalala alinionya: akiuliza, usijibu. Lakini mimi nina hasira ya karibu, na hasira ikija kinywa kinatangulia. "Iko safarini!" nikasema. "Unamutakia nini?"

"Ee, usinikaripie. Ni haya tu. Mukubwa ya bwana yangu, hata siku moja hajakula kwangu? Batu batasema nini?" Aliinuka, akatikisa majani kutoka kwenye kikwembe, kitenge chake, akaenda mpaka mlangoni, akatazama barabara ya kutokea Beni. Akasema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu aliyesimama karibu:

"Mwambie akuje. Nitamupikia."

Nilijikata kidevuni. Sikusikia maumivu.

Niliporudi kutoka kazini saa kumi, mvua ilikuwa imekatika punde. Mezani palikuwa na sahani mbili zilizokwisha kuliwa. Nadège alikuwa anafuta meza, uso unang'aa.

"Mukubwa yako alifika."

"Nani?"

"Paluku. Kwani kuko wangapi? Ni mutu mwema, ye. Polepole. Mais anachekesha: saa tisa ya muchana ananisalimia *wavukire*!"

*Wavukire* ni salamu yetu ya asubuhi. Hakuna Mnande anayeitoa baada ya jua kupanda.

"Nikamwambia, mukubwa, asubuhi iliisha zamani. Akasema kwake bado. Na tena hapana egemea. Nilimupatia kiti ya muzuri, ile ya mugongo. Anakaa tu mbele mbele, hivi, kama mutu iko naogopa kuchafua."

Nilitazama kiti. Kitambaa cha mgongoni kilikuwa kisafi. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimelowa maji.

Nisikilizeni. Sikufikiria mzimu. Nilifikiria mwanamume. Nilijua moja kwa moja kwamba kuna kijana anaingia kwangu nikiwa kazini, anajiita ndugu yangu, anakula sombe yangu. Nilichukua panga, nikaenda kwa Phinées, fundi cherehani ambaye mashine yake inatazama lango langu.

"Nani aliingia kwangu?"

"Hakuna mutu."

"Phinées!"

"Kambale, mi nilikuwa hapa tangu asubuhi, na suruali tatu ya bubatizo. Hakuna mutu alipita." Alisimamisha mashine. "Mais bibi yako alikuwa anaongea na mutu."

"Ulisikia mutu akijibu?"

"Hapana. Nilisikia yeye akinyamaza. Vile mutu ananyamaza kama mwingine iko nasema."

Nilirudi nyumbani na panga langu. Nadège aliliona, akacheka.

"Sasa nimeamini. Alisema weye ni mutu ya hasira tangu butoto. Alisema ulimung'ata hapa," akajigusa begani, upande wa kushoto, "juu ya hindi moja ya kuchoma. Na mukasema kwa mama ni mbwa."

Jambo hilo tulilijua watu wawili duniani. Mmoja alikuwa chini ya ardhi ya Mbau.

Toka siku hiyo mvua ikawa adui yangu. Na Butembo mvua haikosi. Saa saba mawingu yakikusanyika juu ya kilima, ningekuwa kwenye mizani, nasoma kilo vibaya. Kwa mara ya kwanza mkulima alinirudisha kwenye mizani akasema, "Kambale, pima tena." Nilijua kule nyumbani mke wangu anajipaka mafuta. Nilijua anafunga kile kikwembe kizuri, cha ndege wa kijani, nilichomnunulia mimi. Nilikimbia nyumbani mara tatu, na kila mara nilisikia kicheko chake toka langoni. Nikisukuma mlango: kiti kimelowa. Hakuna mtu.

"Umemufukuza," alisema, bila kunitazama. "Weye unaingia nyumba kama polisi."

"Anakuambia nini?"

"Mambo. Ya mashamba. Ananiuliza maswali mingi, kama mutu alipotea njia." Alishona kidogo, akakata uzi kwa meno. "Kambale, iko na bibi?"

"Unaulizia nini?"

"Nauliza tu. Mutu kama ule, kuishi peke yake. Ni hasara."

Nilimwonea wivu akiwa mfu. Sasa namwonea wivu akiwa mgeni. Ni mtu yuleyule, na mara zote mbili alikuwa mbele.

Nilimrudia Kalala. Nilimkuta anakunja shuka zake, anataka kwenda Oicha, alisema kazi iko kule. Nilimweleza. Alifunga mlango, akanong'ona:

"Ulitaja siku?"

Nilitazama lile kabati.

"Ulitaja mutu." Alikaa kitandani. "Ndeko. Ule mwanamuke njo alikuwa anajua kama bwana yake alikufa. Alimuona na macho. Sasa hajue tena. Kama yeye hajue, bwana naye hajue kama alikufa." Aliinua mabega.

"Toa dawa nyingine. Ya kurudisha."

"Hakuna ya kurudisha. Mwambie na kinywa. Kila siku, mbele ya mvua. Akijua, mulango itafunga. Mais kile kidonge kiko bado ndani yake. Haitashika."

"Maana yake nini, haitashika?"

"Utaona."

Niliona. Kesho yake asubuhi nilimketisha, nikamshika mikono. "Nadège. Ulikuwa na bwana mbele yangu. Ni Paluku. Balimuua Mbau."

Alinitazama kama nimempiga. Kisha ikamwingia. Alianguka chini, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, kwa sababu kilio chake cha kwanza alikililia shambani, mimi sipo. Alijikwaruza uso. Aliita. Alilia mpaka saa sita. Mvua ilinyesha saa nane, na kiti kilibaki kikavu. Jioni alilala na nguo zake, nami nikamfunika, nikasema tumemaliza.

Asubuhi aliamka, akajinyoosha. "Mbona macho inaniuma?" akauliza. "Na nani alinikwaruza?" Akatazama mawingu dirishani. Akatabasamu. Akachukua mafuta.

Basi nilimwambia tena. Akaanguka tena.

Siku ishirini na moja. Kila asubuhi nilimuua Paluku mbele ya macho yake, na kila asubuhi ilikuwa mara ya kwanza. Alikonda. Sauti yake nzito ilikatika. Phinées alihamisha mashine yake upande wa pili wa barabara. Kabla ya vidonge Nadège alikuwa ameanza kuzoea, sasa nalikumbuka hilo. Alikuwa analia kwa mvua tu. Kwa Pasaka alikuwa amecheka. Uchungu wake ulikuwa unatembea polepole kwenda mahali, kama kila uchungu. Mimi ndiye niliyeukatia njia. Sasa haukuwa na jana wala kesho. Ulikuwa unazaliwa kila siku, na meno yake yote.

Na bado, nisiseme uongo, kulikuwa na sehemu yangu iliyofurahi kuona kiti ni kikavu.

Siku ya ishirini na mbili sikumwambia. Nilimwona ameketi kitandani, mifupa ya mabega imesimama, anachana nywele zake, na sikuweza. Sikwenda kazini pia. Nilikaa mezani, mgongo ukutani.

"Leo unabaki?" aliniuliza. "Utamuona, basi."

Mawingu yalishuka. Saa nane. Saa nane na nusu. Tone la kwanza. La pili. Kisha paa lote.

Nadège aliinua kichwa. "Karibu," akasema.

Mlango haukufunguka. Sikumwona akiingia. Niliangalia meza, nikaangalia kiti, na alikuwa amekaa.

Mbele mbele. Bila kuegemea.

Alikuwa kijana. Nilikuwa nimelisahau hilo. Alikufa na miaka thelathini na moja, mimi nilikuwa na thelathini na mbili. Kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na sikupata raha yoyote. Maji yalimtiririka shingoni, na hayakufika sakafuni. Hakunitazama kwa ubaya. Ningependa angenitazama kwa ubaya.

"Wavukire, Kambale."

Sauti ilikuwa yake.

"Mudogo yangu," akasema, kwa chini sana. "Nikuulize kitu. Ile asubuhi ku shamba. Nilikuwa nachanja. Kisha nikageuka. Kisha pale, nini ilifanyika?"

Alimtazama Nadège, kisha akanirudia mimi.

"Nauliza bibi, hajue. Nauliza njiani, batu hapana jibu. Ni asubuhi tu. Natembea, ni asubuhi tu. Kambale. Mi nilienda wapi?"

Nadège alikuwa anamtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye. Alikuwa na mwiko mkononi. Mvuke wa sombe ulipanda katikati yetu.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ningeamka, ningeondoka, ningewaachia nyumba, angekuwa na mume wake kila mvua inaponyesha. Au ningesema uongo mwingine, mdogo, mzuri. Nilikuwa nao mdomoni.

"Ulikufa, mukubwa yangu," nikasema. "Balikupiga risasi mu mugongo. Uko Mbau."

Hakushtuka. Alifunga macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha nikageuka kwa mke wangu na nikasema yote. Sikusema kifo tu, kama asubuhi zile ishirini na moja. Nilisema kopo la bati. Nilisema uji. Nilisema niliinama juu ya kikombe chake nikataja mtu wakati niliambiwa nitaje siku, na kwamba haikuwa kwa ajili ya machozi yake. Ilikuwa kwa ajili ya mlango, kwa sababu alisema Paluku alikuwa anaufunga polepole.

Nilipomaliza, kiti kilikuwa kitupu. Mvua haikukatika. Ingekatika ningeelewa.

Nadège hakuanguka. Hakulia. Aliweka mwiko chini.

"Ulitia mu uji yangu."

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Na mi nilikunywa yote?"

"Ulisema iko tamu."

Alitikisa kichwa, taratibu, kama anahesabu. Alikivuta kiti, akapiga magoti, akagusa sakafu pale chini kilipokuwa. Kisha akanivuta mkono, akauweka pale. Sakafu yangu ni ya saruji, na Butembo saruji ni baridi mwaka mzima. Pale, upana wa sahani, ilikuwa ya moto. Mpaka leo ni ya moto. Nimeivunja kwa nyundo nikamimina saruji mpya, na kesho yake ilikuwa ya moto tena. Mama hataki kuelezwa. Padri aliiwekea mkono, akautoa haraka, akauliza kama jiko liko chini. Paka wa Phinées anavuka barabara kuja kulala hapo.

Paluku hajarudi. Mvua inanyesha, kiti ni kikavu, nami nasikiliza paa mpaka mwisho.

Na Nadège, tangu mchana ule, hasahau. Sura ya Paluku haijui. Shamba halijui, wala risasi, wala kwamba aligeuka kumtazama. Ninapomsimulia anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine, na machozi hayaji. Siku zile ishirini na moja amezikumbuka zote, kila kilio, ila hakumbuki alikuwa anamlilia nani. Anachokijua ni kwamba kulikuwa na kitu chake, na mimi nilikichukua.

Hapigi kelele. Hajaondoka. Kila asubuhi anaketi mbele yangu, anasukuma kikombe pembeni, anaweka mkono mezani, kiganja juu.

"Uchungu ya bwana yangu ilikuwa yangu, Kambale. Nirudishie."